Dohani za Fundi Riyadhi

Shemeji yangu Muharami ana miaka sitini na kitu, ni fundi mwashi, anakaa Nyanga, na ana jina ambalo hapendi kuitwa. Mimi nimemwita jina hilo tangu alipomwoa dada yangu Siti, kwa sababu shemeji asipotaniwa huanza kujiona mkwe. Jina lenyewe ni Dohani. Ukifika Bukoba mjini ukamuulizia Muharami, watu watakuna vichwa. Ukimuulizia Fundi Dohani utapelekwa mpaka mlangoni kwake, na anayekupeleka atakuwa anacheka njia nzima.

Yeye hacheki, wala haitiki. Ukimwita Dohani anaendelea kuchanganya mota yake kana kwamba unamwita mtu wa Bumbire huko katikati ya ziwa. Ukimwita Muharami anageuka, anakuamkia vizuri, anauliza habari za watoto. Hana ugomvi na mtu. Ni mtaratibu mno, hata namwonea dada yangu huruma, maana nyumba isiyo na mtu wa kugombana naye inachosha.

Jina alilirithi kwa babu yake, Fundi Riyadhi, aliyekuja kutoka pwani akiwa kijana, akaoa Bukoba na kuzeekea Bukoba. Miaka ya hamsini, kahawa ilipopanda bei, kulikuwa na mkulima mmoja upande wa Kamachumu, Muleba, akiitwa mzee Ndaki. Mzungu aliyekuwa akinunua kahawa yake alimpa zawadi ya kopo la biskuti. Biskuti zililiwa na watoto siku hiyohiyo. Mfuniko ndio ulioleta mambo, kwa sababu ulichorwa nyumba kubwa ya matajiri wa shamba huko Uingereza, na mzee Ndaki akaipenda. Akamwita Fundi Riyadhi, akamwekea mfuniko mkononi, akasema, "Nijengee hii."

Na kweli akajengewa. Hata leo ukitokea barabarani utadhani umepotea njia. Katikati ya migomba na mibuni unakutana na ukuta wa mawe ya kuchonga, vilele vitatu vya paa vimesimama kama kwenye mchoro, madirisha marefu membamba kwenye safu mbili, ukumbi wa nguzo mbele ya mlango, na juu kabisa dohani nne ndefu za kutolea moshi. Kwenye mfuniko kulikuwa na mmea unaotambaa ukutani. Fundi hakujua ni mmea gani, akapanda pasheni. Kwa hiyo nyumba ya kitajiri ya Uingereza huzaa pasheni kila mwaka, na watoto wa kijiji huzichuma dirishani.

Upande wa kushoto wa mchoro kulikuwa na mti mkubwa uliofunika kipande cha nyumba. Nyuma ya mti kuna nini, nani ajue? Fundi Riyadhi akajenga pale ukuta mtupu usio na dirisha, kisha akapanda mti mbele yake, ili picha itimie. Nyuma ya nyumba ndiko alikojua mwenyewe cha kufanya, kwa sababu mfuniko hauonyeshi nyuma. Akajenga baraza la pwani, lenye viti vya mawe pande zote mbili, na mlango wa kuchonga wenye maua na mnyororo kwenye fremu. Ndani wenyewe Wahaya wakamalizia. Sikukuu zikifika, chini hutandazwa majani mabichi kama yalivyotandazwa kwenye nyumba ya msonge ya babu zao, na madirisha ya Uingereza yanatazama tu.

Basi maneno yalianzia kwenye dohani. Nyumba ilipokwisha, watu walingoja moshi. Hakuna moshi. Mwaka ukapita, hakuna. Ikasemwa kwamba Fundi Riyadhi aliona vile vitu kwenye mchoro, hakujua kazi yake, akadhani ni mapambo, akavipandisha juu ya paa bila kitu chini. Mji mzima ulicheka. Mtu akiahidi kitu asitimize, aliambiwa amejenga dohani. Mchumba akichelewesha posa, dohani. Jina likamshika mzee, likamshika mwanawe, likamsubiri Muharami azaliwe.

Mwaka juzi Dastan alikuja Nyanga. Huyu Dastan ni mjukuu wa mzee Ndaki, ana nyumba za kulala wageni Mwanza, na alikuwa na mpango wa kuigeuza nyumba ya Kamachumu iwe ya wageni vilevile. Alikuja na gari safi na maneno mazuri. Mimi nilikuwepo, maana nilikuwa nimeitwa siku hiyohiyo kupatana naye upishi. Dada yake, Stellah, alikuwa anaolewa, sendofu ya kumuaga ingefanyika pale kwenye nyumba ya babu, na mimi ndiye ninayepikia shughuli nyingi za Wakristo wa upande ule. Wanataka mchinjaji Mwislamu ili kila mgeni ale bila wasiwasi, na wanataka pilau langu, ingawa hilo hawalisemi kwa sauti wakiwa na wake zao.

"Fundi," Dastan akamwambia Muharami, "paa lote nabadilisha. Dohani zinavujisha maji. Nataka uziondoe."

Dada yangu Siti aliacha kumimina chai. Muharami alitazama mikono yake.

"Zote?" akauliza.

"Zote nne. Hazina kazi, si unajua mwenyewe." Akatabasamu, na ninaamini hakutaka kuumiza, lakini alitabasamu. "Sendofu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jumatatu yake mnaanza kubomoa."

Nilitaka kusema neno. Kutania shemeji yangu ni haki yangu mimi, si ya kila mwenye gari. Lakini Muharami alinitangulia, kwa sauti ileile ya taratibu.

"Bwana Dastan, kama mojawapo itatoa moshi?"

Dastan akacheka mpaka akashika kiti. "Ikitoa moshi, fundi, sitagusa hata moja. Nitawaachia wajukuu zangu."

"Basi nipe mpaka siku ya sendofu."

Alipoondoka tulimgeukia Muharami. Siti alimwambia amejitia kitanzi, kwamba sasa watu watamcheka mara mbili, kwanza kwa ajili ya babu yake na pili kwa ajili yake mwenyewe. Muharami akajibu kwamba babu yake, kabla ya kufika kwa Ndaki, alifanya kazi miaka mingi akijenga nyumba za wamisheni, na nyumba zile zilikuwa na dohani zenye moto chini yake. "Mtu aliyejenga dohani tano anajua dohani," akasema. "Sijawahi kuelewa. Baba naye hakuelewa. Alikufa anaona aibu kwa jambo asilolielewa." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo kwa mpigo.

Wiki mbili kabla ya sherehe tulipanda Kamachumu pamoja, yeye na vifaa vyake, mimi kwenda kuangalia sehemu ya kuweka sufuria zangu. Tulipokewa na Ma Agnetha, binti wa mzee Ndaki na shangazi yake Dastan, bibi wa zaidi ya miaka themanini aliyerudi kuishi nyumbani kwao baada ya kufiwa na mumewe. Alitukalisha, akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akatuuliza habari za ziwa kana kwamba sisi ndio tunaolilinda. Ana macho makali na kicheko cha msichana.

Muharami alipanda juu ya paa na jiwe lililofungwa kwenye kamba. Mimi nilisimama uani nikiwa nimeshika moyo. Akaliteremsha jiwe kwenye dohani ya kwanza. Likagonga pale pale, urefu wa mkono tu. Imezibwa, hakuna kitu. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Nikajisemea basi, mji ulikuwa sahihi, na nikaanza kutafuta neno la kumfariji, jambo ambalo sijalizoea. Kwenye ya nne kamba ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, Muharami akiilegeza mkono kwa mkono, mpaka ikamwishia. Akainama ukingoni akaniita.

"Salma! Ingia ndani usikilize ukutani!"

Niliingia mbio. Sebuleni, kwenye ukuta mpana uliotundikwa saa na picha ya Moyo Mtakatifu, nilisikia jiwe likigonga ndani, tok, tok, usawa wa magoti yangu.

Sasa ukuta si wetu. Muharami alishuka, akanawa, akamwendea Ma Agnetha akaketi chini kwenye mkeka mbele yake kama anayeleta posa.

"Mama, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "naomba ruhusa nifungue ukuta wa sebuleni. Nadhani kuna kitu nyuma yake."

Ma Agnetha aliweka kikapu chini. Akamtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia, nikasimama. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kipo," akasema. "Kuna jiko. Nililiona linawaka nikiwa mtoto. Liliwaka jioni moja tu."

Muharami alisogea karibu zaidi kwenye mkeka.

"Fundi alikuja kumwonyesha Tata, baba yangu, kazi yake," Ma Agnetha akaendelea. "Aliwasha moto mzuri, sebule nzima ikapata joto, na huku kwetu unajua baridi ya Juni. Tata akafurahi sana. Mama akaingia kutoka jikoni, akasimama pale mlangoni. Akauliza, 'Moto huu unapika nini?' Tata akamwambia haupiki kitu, ni wa kuota tu. Mama akasema, 'Haupiki kitu? Na moshi wake umetoka juu kule, kila mtu wa bonde hili anauona. Watasema kwa Ndaki kunapikwa. Watakuja. Nitawapa nini, niwape joto?' Na kabla hajamaliza kusema, waitu, watu watatu wakapiga hodi. Walikuwa wameona moshi."

Hapo mimi nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Ninapikia watu kwa kazi, na nilimwelewa yule mama aliyekufa zamani kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu. Moshi ni mwaliko. Wewe unadhani unaota moto, na nusu ya kijiji inakuja na njaa.

"Wale watatu wakala chakula chetu sisi watoto huko nje barazani, wakaondoka wakidhani moshi ulikuwa wa jikoni," Ma Agnetha akasema. "Wageni walipoondoka, Mama akamwambia Tata achague, ama jiko lile ama yeye. Asubuhi yake Tata akamwomba fundi azibe. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango. Tata akasema, 'Fundi, watu watauliza mbona hakuna moshi. Nikisema mke wangu amekataa, nitatembeaje kijijini?' Babu yako alikuwa anakoroga mota. Hata hakuacha kukoroga. Akasema, 'Waambie fundi hakujua. Mimi naondoka kesho. Wewe unabaki na mkeo.'"

Muharami aliinamisha kichwa. Alilia, na nasema wazi kwamba alilia, kwa sababu wanaume wa kwetu wakilia watu husema waliingiwa na vumbi. Hapakuwa na vumbi. Ukuta ulikuwa haujaguswa.

"Hakumwambia hata baba yangu," akasema mwishowe. "Alimwacha achekwe mpaka akafa. Hakumwambia."

"Alikuwa ameahidi," Ma Agnetha akajibu. "Mimi nami nilikatazwa kusema, kisha nikaolewa Rubafu, kisha nikasahau. Sikujua kwamba huko mjini mnachekwa kwa ajili yetu. Ningejua, mwanangu, ningeshuka mwenyewe na fimbo yangu." Akampigapiga begani. "Vunja ukuta."

Jiko lilikuwa pale, zima, na tao la mawe lililochongwa maua yaleyale ya mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na majivu kidogo. Muharami alikaa mbele yake muda mrefu na burashi mkononi, akisafisha petali moja moja, na mimi kwa mara ya kwanza sikumsumbua.

Jumamosi ya sendofu ilikuja na mawingu na ubaridi. Turubai zilijaa. Dastan alikuwa amevaa suti ya rangi ya krimu, na habari zilikuwa zimeenea, maana kuna watu waliotoka Bukoba ambao hawamjui hata Stellah kwa sura, walikuja kumwangalia Fundi Dohani. Walisimama uwanjani shingo wameinua, simu mkononi. Niliwaona nikiwa kwenye sufuria zangu nyuma ya nyumba, nikaziacha kwa Renatha, msaidizi wangu, nikaingia sebuleni. Pilau linaweza kungoja. Hili sikuwahi kulisema kabla na sitalisema tena.

Muharami alipanga kuni za mkaratusi, akawasha. Zikashika. Moshi ukapanda kidogo, ukafikiri, ukageuka, ukarudi wote sebuleni. Watu wakakohoa, bi harusi akatolewa na gauni lake, shangazi wakafungua madirisha. Nje nikasikia mtu anapiga mluzi na wengine wakacheka kicheko kile cha miaka yote. Dastan akaja na leso puani, na kwa haki yake alionekana ana huruma.

"Basi, fundi. Umejaribu."

Muharami alikuwa amepiga magoti, macho mekundu, anapepea kwa kipande cha boksi. Sijawahi kumwona mtu mpweke kama vile katikati ya watu wengi. Nilimchukia kila aliyewahi kumwita Dohani, na wa kwanza kwenye orodha nilikuwa mimi.

"Ngoja." Ilikuwa sauti ya Ma Agnetha. Alikuwa hajatoka kwenye kiti chake, moshi na yote. "Fundi hakuanza na kuni. Alituma watoto kuleta majani makavu ya mgomba. Nilileta mimi mwenyewe, mzigo mkubwa. Alisema dohani ina baridi, iote kwanza yenyewe."

Nilitoka mbio nikiwa na aproni. Kwenye shamba la migomba sikuomba ruhusa ya mtu. Nilirudi na kifungu kilichonizidi kimo, nikapita katikati ya wageni wenye suti nikiwakwaruza. Muharami akaondoa kuni, akasokomeza majani juu kabisa ndani ya koo la dohani, akawasha. Yakalipuka kwa mlio mmoja, yakaunguruma, na moto ukavutwa juu kama unaitwa. Kisha akarudisha kuni.

Sebule ikasafika. Tulisikia kimya huko nje kwanza. Halafu mtu mmoja akapiga kelele, halafu wote, na kina mama wakapiga vigelegele ambavyo vilipaswa kuwa vya Stellah. Nilipofika uwanjani niliona moshi mweupe ukipanda wima kutoka dohani ya nne, juu ya pasheni, juu ya mti, juu ya vyote. Dastan alikuwa ameegemea nguzo, mdomo wazi.

"Hazibomolewi," akamwambia Muharami aliyekuwa amesimama mlangoni na masizi usoni. "Hata zile tatu."

"Zile tatu ni mapambo kweli," Muharami akasema. "Hapo tusigombane na watu."

Ma Agnetha alikuwa amefika ukumbini akijikokota na fimbo. Hakutazama juu. Alitazama barabarani, na mimi nikafuata macho yake. Kwenye kilima cha pili watu walikuwa wanateremka. Wazee wawili, mama na watoto, vijana na baiskeli. Hawakuwa na kadi za mwaliko hata mmoja. Walikuwa wameona moshi kwa Ndaki.

"Mama alisema," akanong'ona, na macho yake yakajaa. Kisha akanigeukia kwa sauti ya mwenye nyumba. "Salma, weka sufuria juu ya moto ule. Leo hautawaka bure."

Niliweka sufuria ya ebitoke, yaani ndizi za Kihaya, na nyama kidogo iliyobaki, na maharage ya kuongezea. Ilibidi nipime pilau kwa kijiko kidogo kuliko nilivyoahidi, na Renatha alinitazama kama mwizi, lakini kila aliyeteremka kilima alikula. Wengine walikula mbele ya jiko lenyewe, wamekaa juu ya majani mabichi, wanaota na kushiba kwa pamoja.

Alasiri nilimkuta Muharami peke yake kwenye baraza la nyuma, kando ya mlango wa babu yake, ameegemeza kichwa ukutani, anatazama moshi. Nilikuwa nimechoka, nina sahani yake mkononi, na ulimi wangu una mazoea yake ya miaka thelathini.

"Dohani!" nikaita. "Njoo ule!"

Nikajishika mdomo. Lakini alikuwa ameshageuka.

"Naam, shemeji," akasema, akainuka kwenda kunawa.